Ushuhuda wa Aliyepona

Georgette alikuwa ameipenda sentensi ile kabla hajagombana nayo. Simu yake, ambayo humsomea kila anachokigusa kwa kidole, ilikuwa imemsomea kwenye saiti ya masomo ya jioni: "Vipofu pia wanaweza kujiandikisha hapa bila shida." Alimshukuru Mungu kwa sauti, jikoni, mboga ikiwa motoni.

Akajaza jina na mtaa. Alipofika mahali pa kutuma, simu ikasema: "Kitufe, hakina jina." Chini yake kitufe kingine, nacho hakina jina. Alibonyeza kimoja, na yote aliyoyaandika yakafutika. Akarudia. Yakafutika tena.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha akapanda mlima kutoka mtaa wake wa Kadutu hadi ofisi ya masomo hayo, fimbo mkononi, akiomba kila alipopumzika. Hakuomba apate nafasi. Aliomba asinyamaze.

Papa Isidore, mkurugenzi, alimpokea vizuri. Walisali kanisa moja, naye alikuwa shemasi. Akamwambia asijisumbue na mashine, yeye mwenyewe atamwandikisha palepale, iishe.

Georgette akakataa. Akauliza nani aliandika kwamba vipofu hawapati shida.

Isidore akacheka kidogo. Wafadhili, alieleza, hutaka kila saiti iwe na neno kama hilo.

"Iko sentensi tu, maman."

"Papa shemasi, pale kanisani, nani anatoa ushuhuda? Mutu mwenye aliponeshwa, ao mutu mwenye alimuombea?"

Jumapili iliyopita Isidore mwenyewe alimnyang'anya kijana mmoja kipaza sauti kwa sababu kijana huyo alitaka kushuhudia uponyaji wa shangazi yake. Aje shangazi mwenyewe, Isidore alisema, na kanisa zima likaitikia amina.

"Basi mulinishuhudia mimi, na mimi sijapona," Georgette akasema. "Mutoe ile maneno, ao muandike ya kweli."

"Bafadhili batasoma."

"Basome."

Isidore akamwonya kwamba ofisi inafungwa saa kumi na moja, na baada ya hapo hata yeye hana uwezo. Georgette akavuta kiti, akakaa, fimbo mapajani, kama mtu aliyefika mkesha mapema. Mwaka mzima wa masomo ulikuwa unampita, naye aliujua uzito wake. Hata hivyo hakuinuka.

Hatimaye Isidore akamwita Fanny, katibu wake, aketi kwenye kompyuta. Georgette akasema, Fanny akaandika. Kisha simu ikamsomea Georgette kutoka kwenye saiti yenyewe:

"Kipofu bado hawezi kujiandikisha hapa peke yake. Vitufe havina majina. Mpaka tuvitengeneze, piga simu ao fika ofisini, tutakuandikisha. Ni haki yako."

Akaisikiliza mara mbili.

"Sasa uniandikishe, papa," akasema. "Haiko huruma yako tena. Imeandikwa."