Mkondo Usio na Msukumo

Wapendanao wengine wakipigiana simu huongea ya moyoni. Naima na Hudhaifa waliongea habari za atomi. Naima alikuwa kwao Tabata, akipiga hesabu kwenye kompyuta. Hudhaifa, mtoto wa Temeke, alikuwa maabara Ujerumani, akipima. Alizinatisha atomi mbili za sumaku, kila moja kwenye metali yake iliyopozwa hadi umeme unapita humo bila kupungua. Baina ya atomi hizo mkondo ulipita pasipo betri kuusukuma.

"Ila mawimbi ya umeme ya pande mbili yakiwa sawasawa, hakipiti kitu," alisema Hudhaifa Jumamosi moja. "Lazima upande mmoja ujitofautishe."

Naima aliitazama sura ya Hudhaifa kwenye simu, ndevu zimeanza kumjaa, akaona uchungu. Alimtamani mtu huyu miaka mingi, akila anamuwaza, akilala anamuwaza. Lakini mtoto wa kike hajiposi. Alimngoja mshenga kutoka Temeke mpaka akachoka, na sasa sebuleni alikaa mshenga wa mtu mwingine, anatafuna visheti na kusubiri jibu.

"Hapa kuna wageni," alisema. "Wamekuja kuniposa."

"Hongera," Hudhaifa akajibu, akainamia mitambo yake.

Uungwana nao una kikomo. "Mie nilikuwa nakungoja wewe. Mbona hukumtuma mtu?"

Akainua uso taratibu. "Si nilimtuma ami Hashil kabla sijasafiri? Baba yako akamwambia umekataa. Nikasema alhamdulillahi, walau simu zangu anapokea."

Naima hakuwahi kuulizwa. Jibu la posa hupita kwa mshenga, na muungwana akishajibiwa hamfuati binti kumhoji. Hivyo wote wawili walikaa na adabu zao, huyu akidhani amekataliwa, huyu akidhani hatakiwi. Machozi yalimtoka bila kujizuia.

Baba yake, Mzee Mwishehe, akabisha hodi na kuingia. "Mama, wageni wanangoja. Mila unaijua: ukinyamaza, nitawaambia umeridhia."

Naima hakukata simu. "Baba, alipokuja ami Hashil, ulinisikia nikisema sitaki?"

Mzee akaiona sura iliyo kwenye simu, akakaa kitandani. "Ujerumani mbali, mwanangu. Nani angenizika?"

"Nitakuja kukuzika, baba," alisema Naima, akimshika mkono. "Lakini leo sinyamazi."