Mshale Unaotazama Chini

Dada alikuwa anarudia somo. Mwaka uliopita aljebra ya mstari na kalkulasi ya vekta, zilizotahiniwa kwa karatasi moja, zilimwangusha vibaya. Mwaka huu mdogo wake, ambaye nyumbani na chuoni walimwita Kipanga kwa wepesi wa akili yake, alimfikia darasani. Akawa anakaa safu moja na mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Kipanga hakuwa na maringo, na hilo ndilo lililomchoma dada zaidi. Matriksi, jedwali la namba, ambayo dada aliihangaikia mpaka karatasi ikatoboka kwa kufutwafutwa, Kipanga aliitupia jicho tu huku anatafuna karanga.

"Safu ya tatu ni jumla ya hizo mbili za juu. Determinanti ni sifuri, usijisumbue."

Mama yao, fundi cherehani, alikuwa anashona hapo hapo sebuleni.

"Si umwombe mdogo wako akuelekeze?"

"Naelewa, mama."

"Hata mwaka jana ulielewa," mama akasema bila ubaya, akaukata uzi kwa meno.

Maktabani nako hakukuwa na nafuu. Mwanafunzi mmoja aliyekwisha kulifaulu somo hilo, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa kupenda kumfundisha hata asiyeuliza, zamani alikuwa akimwekea dada kiti. Sasa kiti hicho alimwekea Kipanga. Dada aliwasalimia, akaenda kukaa karibu na mlango, akawa anafunua kurasa bila kusoma, masikio yote yako kule.

Mchana wa siku iliyotangulia mtihani, Kipanga alikuwa mezani nyumbani na swali la uso uliopinda kama bakuli lililopinduliwa. Badala ya kukokotoa juu ya uso wote, alitakiwa kuuzunguka ukingo wake. Dada alipita nyuma yake na jagi la maji, akasimama. Swali la aina hiyo ndilo lililommaliza mwaka jana, na baada ya hapo alilisoma mpaka likamkaa kichwani.

"Umezunguka kinyume," akasema. "Wamesema mshale wa uso unatazama chini. Elekeza dole gumba la kulia chini, uone vidole vinajikunja kwenda wapi. Jibu lako linapaswa kuwa hasi."

Aliyasema kwa shingo upande. Kipanga akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi.

"Mwalimu ameniambia ukingo unazungukwa hivi siku zote."

"Basi mfuate Mwalimu."

Angechukua kalamu akachora, mdogo wake angeelewa palepale. Alilijua hilo. Akapeleka jagi jikoni.

Kesho yake swali lilikuja, mshale unatazama chini. Walipotoka ukumbini, wenzao walikuwa wanalinganisha majibu, na kila aliyetaja lake alitaja hasi. Kipanga alikuwa ameandika chanya. Aliugeuza mkono wake wa kulia, dole gumba chini, akavitazama vidole. Dada alisikia raha ikimpanda kifuani, tamu kabisa, na haikumtoka mpaka walipofika getini.

"Uliniambia," Kipanga akasema.

"Nilikuambia."

"Nilidhani unataka nikosee. Tangu muhula uanze hunitazami vizuri, dada."

Dada alikuwa na jibu la ukali tayari mdomoni. Akaliacha.

"Sikutaka ukosee," akasema. "Lakini nilipoona huniamini, nilifurahi. Nikakuacha."

Walivuka barabara pamoja, kila mtu na begi lake, na hakuna aliyemsubiri mwenzake wala aliyemtangulia.

Matokeo yalipotoka, dada alikuwa amefaulu kwa C. Kipanga, pamoja na lile kosa lake, alipata A. Mama aliacha cherehani akawakumbatia wote wawili kwa mpigo, akawaambia hongereni. Dada, shavu lake likiwa limegusana na la mdogo wake, akajikuta anapima ni mkono upi wa mama uliokaza zaidi.