Unene wa Salha Wafika Kikaoni

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Makambako nzima ilimsifia Ussi kwa unene wa mkewe. Lori lake moja lilipozaa la pili, Salha naye akanenepa, na watu wakasema, "Huyu katunzwa, bwana!" Kichwa kikamvimba Ussi. Kila akirudi safari alimletea samli, na mkewe akibakiza wali sahanini, alinuna.

Kumbe mwenzake alikuwa akilala ameketi. Akijilaza tu, pumzi zinakata. Daktari mmoja wa Njombe akawaambia wazi kwamba unene ule una tiba, tena ya muda mrefu, na wakipuuza, moyo utashindwa. Hapo ndipo Ussi alipoikumbuka bima, ule mfuko wa matibabu ambao wasafirishaji wa Makambako walikuwa wameuanzisha wenyewe.

Kikao cha mfuko kikafanyika sebuleni kwake. Mwenyekiti, Mansoor, alicheka hadi akamwaga chai.

"Bima hutibu ugonjwa, Ussi. Tangu lini shibe ikawa ugonjwa? Wenzako wanaomba wake zao wanenepe!"

Wakacheka wote. Kisha Mansoor akashusha sauti. "Na akipungua je? Unaujua mji huu. Siku hizi mtu akikonda tu, wameshamzika kwa maneno. Watasema ana ule ugonjwa. Nawe dereva wa masafa marefu! Watasema umemletea wewe."

Hofu ya Ussi, jamani, ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa ameiwaza njia nzima kutoka Njombe. Mtu mzima na ndevu zake, akabaki kutazama mkeka.

Pazia la ndani likafunguka. Salha akaingia, mkono ukutani, akihema kwa hatua chache tu. Walimpisha kiti, hakuketi.

"Shemeji zangu, nisubirini kidogo," akasema, akasimama kutafuta pumzi.

Wakamsubiri. Sauti ya kifua chake ikajaa chumbani, na haikuisha upesi. Ussi alikuwa ameisikia miezi na miezi kitandani, lakini si mbele za watu.

"Watasema nina ule ugonjwa," Salha akasema hatimaye. "Wacha waseme. Nataka niwe hai niwasikie."

Loo! Ussi alimtazama yule mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimlisha miaka yote akidhani anamjua. Barabara zote alizopita, hajawahi kukutana na moyo kama ule. Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha. Akanyoosha mkono juu.

"Bima imtibu," akasema. "Na wenye kusema, waje wanikabili mimi."

Mikono mingine ikapanda, mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa Mansoor.

"Mke wangu Maua naye hupumua hivyo hivyo," akasema polepole. "Mimi humcheka."