Matope kwenye Viatu vya Ginés

Kaka yangu Ginés alicheza tenisi ya kulipwa miaka kumi na tano, na katika miaka yote hiyo alitwaa mataji manne. Yote manne aliyatwaa hapa hapa mjini kwetu, bara ya mkoa wa Murcia, Hispania, kwenye uwanja ulio hatua mia mbili kutoka jikoni kwa mama. Kwingine kote duniani alikuwa mtu wa kutolewa raundi ya pili. Alitolewa Lima, alitolewa Tunis, alitolewa katika mji mmoja wa Kazakhstan ambao mama akijaribu kuutaja tunamletea maji. Kisha kila Mei anarudi nyumbani na kuwatandika watu waliomzidi nafasi sitini kwenye orodha ya dunia.

Magazeti ya mkoa yaliandika kwamba ni nguvu ya nyumbani. Padri alisema ni Bikira Maria. Meya, ambaye mpaka leo hupiga makofi mpira ukigonga wavu, alisema ni hewa yetu. Upuuzi mtupu. Yalikuwa maji.

Baba yetu, Bartolomé Belchí, ndiye mtunza viwanja wa klabu. Alimjua mwanawe vizuri: mpira ukija polepole, Ginés ataurudisha mpaka mwenzake achukie kuzaliwa. Ukija kwa kasi, kwisha habari yake. Kwa hiyo kila Ginés alipocheza hapa, baba aliulowesha uwanja mpaka udongo mwekundu ukawa laini kama unga wa maandazi uliokandwa, halafu akanyunyiza udongo mkavu juu kuficha aibu. Mpira ulidunda pale ukanyanyuka umechoka, umejaa tope. Majitu ya mita mbili yaliyozoea kumaliza kazi kwa pigo moja yalikimbizwa saa tatu nzima na kuondoka yakilia.

Msimamizi wa mashindano, kila mara mgeni kutoka ng'ambo, alitakiwa kuukagua uwanja kabla ya mechi. Huyo alikuwa mzigo wa mama. Saa nane mchana anaketishwa mezani kwetu mbele ya wali wa sungura na konokono. Baada ya wali jibini, baada ya jibini majani ya mlimau yaliyochovywa kwenye unga na kukaangwa, kisha kahawa, kisha kinywaji kikali cha anisi cha shangazi ambacho hakina lebo. Ikifika saa kumi na nusu anatia saini chochote utakachomwekea. Na kati ya saa tisa na saa kumi na robo, mji wote umelala usingizi wa mchana, hakuna jicho uwanjani isipokuwa la Pascual, jirani yetu. Yeye alisimama uani kwake kati ya milimau inayokauka, akitazama maji yale, akiutukana ukoo wetu kizazi baada ya kizazi. Kwetu mvua ikinyesha ni habari ya gazetini, kwa hiyo simlaumu.

Mimi ni Fuensanta, naendesha baa ya klabu, na kazi yangu katika njama hii ilikuwa kunyamaza. Ginés hatukumwambia kitu.

Mwaka huu alikuwa ametimiza thelathini na mitatu. Jumamosi, baada ya kushinda nusu fainali, alituambia mezani huku anamenya chungwa: "Kesho nikishinda, pointi zinatosha kuingia mchujo wa yale mashindano makubwa ya Paris. Nitacheza mwaka mmoja zaidi. Nikishindwa, naacha."

Paris hakuwahi kufika, isipokuwa kubadilisha ndege. Na mpinzani wake wa fainali alikuwa Radek Vondra, Mcheki wa miaka kumi na tisa, ambaye akianzisha mpira waamuzi wa mistari hujikunyata.

Baba alikuwa amefanyiwa operesheni ya goti mwezi wa Aprili, na alilala katika chumba chenye dirisha linalotazama uwanja. Akaniita.

"Fuen, funga mlango."

"Umefungwa, baba."

"Kesho saa tisa kamili unafungua maji, kama wiki hii nzima. Saa nzima na robo, usipunguze. Na usiniletee habari za malimau ya Pascual."

"Na mimi napumzika saa ngapi?"

"Utapumzika ukizikwa. Kesho ndugu yako anahitaji tope."

Sasa niseme lililokuwa moyoni. Miaka kumi na tano nimesimama nyuma ya kaunta ile ili Ginés apande ndege. Tangu goti la baba liharibike, nashika bia mkono huu na ufagio mkono ule. Kaka yangu nampenda. Na nilitaka ashindwe, arudi nyumbani, ashike ufagio. Yote mawili yalikuwa kweli, na yalinikosesha raha.

Jumapili saa tisa nilisimama pembeni ya uwanja na bomba la mpira mkononi. Hata mbwa walikuwa wamelala. Sikufungua. Nilimwazia Ginés akirudi jumla, nikaona raha. Halafu nikamwazia akishuka Paris na lile begi lake lililoshonwa na mama, nikajiona mchawi. Nikafungua koki.

Hakikutoka kitu. Bomba likakohoa, likatema tone moja, likanyamaza. Nikajua manispaa wamekata maji tena kwa sababu ya ukame. Iko koki kuu ya maji ya uwanja nyuma ya vyumba vya kubadilishia, lakini ile haijaguswa tangu iwekwe, sikuikumbuka. Na kusema kweli sikuumiza sana kichwa. Nilichukua ndoo ya barafu ya baa iliyokwisha kuyeyuka nikaimwaga kwenye mstari wa nyuma. Ilikauka kabla sijarudisha ndoo.

Saa kumi na moja uwanja ulikuwa mkavu kama kigae. Mpira wa kwanza wa Vondra ulipita karibu na sikio la Ginés, akageuka kuutazama kama mtu aliyepishana na jirani asiyemsalimu. Seti ya kwanza, sita kwa mbili. Mama alishika rozari akaniuliza kwa nini leo mipira inaruka hivyo. Nikamwambia ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Seti ya pili Ginés akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akaenda mbele, kwenye wavu.

"Amepotea?" mama aliuliza.

Hakupotea. Alianza kuipokea mipira ikiwa bado inapanda, akimrudishia Mcheki kasi yake mwenyewe. Akaichukua seti saba kwa sita. Pascual, adui wa ukoo, alikuwa amesimama juu ya kiti akipiga kelele. Ya tatu ikafika sita kwa sita, na kwenye pointi ya mwisho Ginés akapiga mpira mzuri kuliko yote ya maisha yake. Ulitoka nje kwa upana wa kidole. Mwamuzi hakuwa na hakika, watu wakaanza kelele, lakini Ginés mwenyewe akaenda akaonyesha alama kwenye udongo. Nje.

Jukwaa zima lililia. Padri alilia. Meya alipiga makofi, akidhani tumeshinda. Ginés peke yake alikuwa anatabasamu.

Baba aliingia baa kwa magongo yake mimi bado namiminia watu kahawa.

"Nilikupa kazi moja! Kufungua koki! Kazi ambayo hata meya angeiweza!"

Meya aliitikia kwa kichwa, kisha akaacha.

"Maji yalikatika, baba!"

"Yalikatika? Na kahawa hii umeipika na nini, machozi ya Bikira?"

"Kwa hiyo mlikuwa mnalowesha!" akasema Pascual.

"We Pascual, nyamaza, miaka yote unatuona!" baba akamgeukia.

Ikaonekana kwamba mji mzima ulikuwa ukijua, pamoja na padri. Msimamizi, bado mwekundu kwa anisi, akauliza ugomvi ni wa nini, na mama akamwambia ni kahawa.

Nilitoka kwenda nyuma ya vyumba vya kubadilishia nilie kwa nafasi. Nikamkuta Ginés ameketi juu ya kreti la bia, viatu mkononi.

"Umefokewa?"

"Mbele ya meya."

"Pole. Hebu tazama." Akanigeuzia soli. Vumbi jekundu tu. "Nimecheza nchi ishirini na saba, Fuen. Kote viatu vyangu vinatoka na vumbi. Hapa nyumbani tu vinatoka na matope."

Nilikaa chini. "Umejua tangu lini?"

"Tangu taji la pili."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nashinda! Nani analalamika akishinda?" Akaelekeza kidole kwenye ile koki kuu. Kutu yake ilikuwa imekwanguliwa upya. "Nimeifunga saa nane na nusu, mkiwa mnamjazia yule bwana wali."

"Wewe? Mpumbavu wewe! Siku ya Paris?"

"Ningeshinda leo kwa matope, ningekwenda Paris na nisingejua. Ningeshindwa, ningeacha na nisingejua. Siku ilikuwa hii tu."

"Haya, umejua nini?"

Alinyoosha kidole kimoja, akakitazama. "Kimebaki hiki." Akacheka, halafu akajifuta uso kwa fulana. "Sikuwa mbaya, Fuen. Miaka yote hii nilidhani mimi ni bomba la maji la baba. Sikuwa mbaya."

Nilimkumbatia, ananuka jasho kama punda. Akiwa bado begani kwangu akasema, "Lakini na wewe ulisimama sana na lile bomba. Nilikuwa dirishani, chumba cha kubadilishia. Dakika kumi na moja."

"Nilitaka ushindwe."

"Najua. Lakini ulifungua."

Watu walipoondoka alichukua ule mkeka mzito wa kusawazishia udongo akaanza kuuburuta uwanjani, kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na sita. Baba akatokea na magongo yake, akasimama kwenye mstari.

"Unaburuta kama mtalii. Anzia nje, uzunguke ukiingia ndani."

Ginés akaanza upya. Mimi nikasogea karibu na baba. Kuna kitu kilikuwa kinaniwasha tangu baa.

"Baba, tangu utoke hospitali unasema huwezi kusinzia mchana mpaka usikie maji yakimwagika hapo dirishani."

"Ndiyo."

"Leo uliyasikia?"

Alichimba udongo kwa ncha ya gongo, jambo ambalo sisi angetuchapia.

"Nilisikia kimya," akasema. "Saa nzima na robo."

"Na hukunipigia simu?"

"Mimi ni mgonjwa. Simu ilikuwa mbali."

Simu ilikuwa inaning'inia kifuani kwake. Mama alimfungia shingoni kwa kamba tangu siku aliyotoka hospitali, na haivui hata akioga. Aliniona naitazama, akaificha ndani ya shati.

"Kona!" akamfokea Ginés. "Kona zipite mara mbili!"