Kwa Wataliano Hakutunzwi

Mueni alikuwa amewaambia mara ngapi, jamani? Opera si taarabu. Msanii akiimba unakaa kitako, unafunga mdomo, unangoja wimbo uishe ndipo upige makofi. Hakuna kuinuka na noti mkononi kumtunza, hakuna kujipinda katikati ya ukumbi, hakuna kumpungia mtu. Kwa Wataliano hakutunzwi, basi.

"Sasa mwanangu," Bi Mwanakombo akamuuliza, "ubeti ukikugusa hapa kifuani, utafanyaje watu wajue umekugusa?"

"Hawatajua, Bi. Utakaa nao."

"Utakaa nao!" Bi Mwanakombo akawageukia wenzake. "Mnasikia? Ndiyo maana watu hao wanaugua presha."

Wakacheka wote. Walikuwa uani kwa Bi Mwanakombo, mtaa wa Shela, Malindi, sinia la mchele katikati yao, wakichambua na kusikiliza. Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kulikuwa na Prabhavati, mwenye duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa mji huu huu na ambaye hapitwi na taarabu hata ya kitongoji cha mbali. Na kulikuwa na Nyaboke, anayekaanga viazi karai pale kona, mtu wa bara kama Mueni mwenyewe, ila pwani imeshamwingia mpaka kwenye kope.

Na tuwe wa kweli, hao watatu kwa kutunza walikuwa hawana mpinzani. Taarabu ikipigwa, mwimbaji akifika kwenye ubeti wenye ncha, mmoja wao huinuka taratibu na noti juu. Haendi moja kwa moja kwa mwimbaji, la! Anazunguka kwanza. Anampitia yule ambaye ubeti unamhusu, mwizi wa mume au mla amana, anaipunga ile noti mbele ya uso wake, ndipo aende akamtunze mwimbaji. Hakuna neno lililosemwa, wala huwezi kumshtaki mtu kwa chifu kwamba amekupungia noti. Lakini ukumbi mzima umeshajua.

Hilo ndilo lililomtia Mueni kiwewe. Kisa chenyewe ni Sinyora Donata, mama wa Kitaliano aliyekaa Malindi mpaka anajua bei ya muhogo. Sinyora alikuwa ameleta waimbaji kutoka kwao, waje waimbe opera ya zamani ya kuchekesha katika ule ukumbi uliokuwa sinema. Hakutaka Wataliano watupu waje kupepeana. Aliwataka wenyeji, wakae viti vya mbele. Na nani angewaelekeza wenyeji kama si Mueni? Kitaliano alikuwa amekiokota mapokezi ya hoteli akiwa msichana, na sasa ndicho kilichomlisha, maana kila Jumamosi aliwachukua watalii kwenda Marafa kuwaonyesha korongo.

"Niachie mimi, Sinyora," alikuwa amesema. "Watatulia tuli. Wakikuaibisha, usinipe kazi tena."

Amejifunga hivyo, kwa kinywa chake.

Kwa hiyo alikuwa akiwafunza. Na kusimulia alijua, hilo msimnyime. Opera yenyewe ilikuwa hivi: palikuwa na bwana mwenye kinu cha kusaga ngano, na mkewe. Mke, kila siku ya soko, anakwenda mjini. Anamwachia shoga yake kipenzi ufunguo wa nyumba, ampikie bwana asilale njaa. Shoga anapika, na zaidi ya kupika. Kijiji kizima kinajua, isipokuwa mke. Kila akisimama kumsifu shoga yake, kijiji chote kinakohoa. Yeye anadhani wana mafua, anawachemshia dawa! Mpaka siku shoga anageuka kuchukua sahani, na mgongoni kwa gauni lake jeusi pana viganja viwili vyeupe vya unga.

"Lo!" Mueni alikuwa akicheka mpaka machozi. "Viganja viwili, Bi! Na yeye mke bado anamfuta, anamwambia, pole shoga, umeegemea ukuta!"

Prabhavati alitabasamu nusu. Bi Mwanakombo alichagua chuya moja, akaitazama sana.

"Na mwisho?" aliuliza.

"Mwisho wanasameheana, wanacheza ngoma. Si ya kuchekesha?"

"Anamsamehe? Huyo mke kalishwa nini?"

"Ni mjinga tu, Bi. Ndiyo raha yake. Mimi ningejua siku ya kwanza." Mueni akapangusa macho. "Lakini na yeye shoga mwenyewe, sijui kama wapo watu wa hivyo. Mimi hapa shoga yangu Linet, Jumamosi nikienda Marafa, ndiye anayempelekea mume wangu Nicholas chakula. Ufunguo anao. Narudi nakuta nyumba imefagiliwa na vyombo vimeoshwa. Dada wa tumbo moja hafanyi hivyo."

Nyaboke akakohoa.

"Pole," Mueni akamwambia. "Ni vumbi la mchele hilo."

Haya, nyinyi niambieni. Mtu anaisimulia habari yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe, masikio anayo mawili, na haisikii! Ningekuwepo ningemtikisa. Lakini waliokuwepo hawakumtikisa. Walitazamana, wakarudi kwenye mchele. Nani anataka kuwa yule aliyeleta maneno? Leo unamwambia mtu, kesho wamepatana na mumewe, mbaya ni wewe.

Walichokipenda zaidi ni ubeti wa mke katika sehemu ya pili, pale anapoanza kushuku. Mueni aliugeuza kwa Kiswahili, akawaimbia kwa sauti ile ile ya Kitaliano:

*Mlango wangu una funguo mbili, majirani;*
*wa pili nimempa nani? Niambieni, nani?*

"Rudia," alisema Bi Mwanakombo. Akarudia. Wakataka tena. Mwishowe waliushika wote watatu, na Mueni akaenda zake kwa furaha, akijua wanafunzi wake wameiva.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya Jumapili. Ukumbi ulijaa. Wataliano nyuma na mashati yao ya kitani, wenyeji mbele wamenukia udi. Mueni alikaa kiti cha mwisho safu ya kwanza, ili apate kuinuka na kueleza kila sehemu kabla haijaanza. Kando yake alikaa Linet, shoga yake wa tangu siku zile walizopanga chumba kimoja Mtwapa, msusi, mchangamfu, aliyekuwa amemsuka Mueni asubuhi hiyo hiyo na kukataa hela. Nyuma yao Sinyora. Na jukwaani pembeni, akishika kamba ya pazia, alikuwa Nicholas, mume wake. Mueni ndiye aliyemwombea kazi hiyo kwa Sinyora.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Kijiji cha jukwaani kilikohoa, watu wakacheka. Bi Mwanakombo na wenzake walikaa wima, mikono mapajani. Sinyora aliinama akamgusa Mueni bega. "Bravi," alisema. Mueni alijisikia kuruka.

Akapanda mbele ya pazia kueleza sehemu ya pili. "Sasa mtamsikia mke akianza kushtuka," aliwaambia. "Mcheke, msimwonee haya. Mwanamke mjinga kama huyu hajazaliwa tena."

Ukumbi ukacheka. Alipoketi, Linet alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Pazia likafunguka. Mwimbaji, mama mnene mwenye sauti ya kutikisa mabati, alisogea mbele na ufunguo mkononi. Akaanza. Mlango wangu una funguo mbili, majirani.

Bi Mwanakombo akainuka.

*Toba!* moyo wa Mueni ukapiga. *Bi, kaa chini. Nimekuomba, kaa chini.* Lakini Bi Mwanakombo alikuwa ameshatoka safu yake, noti juu, anajipinda polepole. Nyuma yake akainuka Prabhavati, sari imekamatwa kwa mkono mmoja na noti kwa mkono wa pili. Nyuma ya Prabhavati, Nyaboke. Watu wa mbele wakaanza kupiga vigelegele. Wataliano wakasimama kutazama. Mueni alikunja ngumi. Wamemwangusha! Baada ya siku zote zile, baada ya kujifunga kwa Sinyora, hawa wanawake wanamtia aibu hadharani!

Bi Mwanakombo hakwenda jukwaani. Alikuja safu ya kwanza. Akapita kiti, akapita kiti, akafika mbele ya Linet, akasimama. Akaipunga noti mbele ya uso wake, huku, halafu huku, bila haraka. Kisha akaenda kumtunza mwimbaji. Prabhavati akafika, akafanya vile vile. Nyaboke yeye alipompungia Linet alipanda jukwaani, akapita mpaka kwenye kamba ya pazia, akaipunga noti mbele ya Nicholas.

Sinyora aliinama, kicheko kimemjaa. "Mueni, wanafanya nini? Hasira?"

"Hapana, Sinyora." Mueni alisikia sauti yake ikimjibu kwa Kitaliano kizuri, kile cha kazini. "Wanatunza. Ni desturi yetu hapa."

"Maana yake?"

"Maana yake, ubeti huu una mwenyewe, naye yumo humu ndani."

"Oh! Nani?"

Mueni akageuka. Asiye na neno angeuliza, kwani vipi hawa? Angecheka, angewasonya. Linet hakuuliza kitu. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake, anatazama viatu. Mueni akatazama jukwaani. Nicholas alikuwa ameuvuta ukingo wa pazia akajifunika, mtu mzima, na viatu vyake vimebaki nje, vile ambavyo Mueni mwenyewe alimnunulia Pasaka.

Nyumba imefagiliwa. Vyombo vimeoshwa. Pole, ni vumbi la mchele. Yote yalimjia kwa pamoja.

"Shoga," Linet alinong'ona, "tutoke nje nikueleze."

"Unieleze nini?"

"Si hapa, Mueni, tafadhali."

"Mikono hii," Mueni alisema, na sauti ilikuwa imeanza kumtoka vibaya, "asubuhi ilikuwa kichwani kwangu. Ukanisuka. Ukaniambia nimependeza."

Linet akaanza kulia. Alikuwa na haki gani ya kulia? Mueni ndiye aliyetaka kulia, na machozi yalikuwa yamekataa.

Akafungua pochi, akatoa noti. Akainuka.

Vigelegele, jamani, vilitaka kuling'oa paa. Kila mtu alijua anakwenda wapi. Mueni alimpungia Linet noti mara moja tu. Hakujipinda, hakucheza. Akageuka aende jukwaani, na hapo akawaona wale watatu wamesharudi vitini, wamekaa wima, nyuso zinang'aa. Bi Mwanakombo alimpa tabasamu la mama aliyemtoa mwanawe shimoni.

Na ni tabasamu lile lililomchoma kupita yote. Aliiacha njia ya jukwaani. Akaingia safu yao, akasimama mbele ya Bi Mwanakombo, akaipunga noti mbele ya uso wake. Huku, halafu huku.

Vigelegele vikakatika.

"Mwanangu," Bi Mwanakombo alisema, "sisi ndio tuliokwambia."

"Mmeniambia leo, Bi. Mbele ya watu. Uani kwako tulikuwa wanne, mkakohoa."

"Tulikuonea huruma."

"Mlinisikia nikimcheka yule mke. Mkanitaka niimbe tena."

Mueni alimpungia Prabhavati, aliyejifunika macho kwa ncha ya sari. Akampungia Nyaboke, na Nyaboke alisema polepole, "Nisamehe, dadangu," lakini Mueni alikuwa ameshapita. Akapanda ngazi za jukwaa. Hakutazama kwenye pazia.

Mwimbaji alikuwa amenyamaza, noti tatu mkononi, hajui azitie wapi. Mueni akamwongezea ya nne.

"Kwetu mwimbaji akitunzwa anarudia," alimwambia kwa Kitaliano. "Rudia ubeti huo, tafadhali."

Mama yule alimtazama Sinyora Donata. Sinyora hakuwa akicheka tena. Alitikisa kichwa kukubali.

Wimbo ukarudi mwanzo. Mueni akageuka akawakabili watu, maana kazi yake ilikuwa kuwaelezea wenyeji, na hakuna aliyekuwa amemfuta kazi. Kila mstari wa Kitaliano ulipokwisha, aliutoa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno, na alipofika kwenye mstari wa pili alimtazama Bi Mwanakombo, kisha Prabhavati, kisha Nyaboke, kisha safu yote ya mbele, watu wa Shela aliowasalimu kila asubuhi.

"Wa pili nimempa nani?" aliuliza. "Niambieni, nani?"

Akangoja. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kama alivyokuwa amemwahidi Sinyora. Hakuna aliyekohoa.