Chupa Isiyoruka Mkono

"Müzeyyen, huyu binti yako hasikii joto?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Döndü mwanzoni mwa Julai, akiwa ameegemea ukuta unaotenganisha nyua zetu, kipande cha tikiti maji mkononi na mbegu moja imemganda kidevuni. Sevgül, mwanangu wa pekee, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka kwa mumewe. Alikuwa amekaa chini ya mzabibu akikata bamia vichwa, mikono ya sweta yake imemshuka mpaka kwenye vifundo vya vidole. Ilikuwa saa tano. Paka alikuwa amelala chali juu ya saruji kama kiumbe aliyekwisha kuagana na dunia.

"Binti yangu ana haya," nikamjibu Döndü. "Si kila mtu anaanika mabega kama wewe."

"Haya mbele ya nani, dada? Mbele ya bamia?"

Akatema mbegu, akacheka, akaingia kwake. Nami nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, na moyoni nikaona fahari kwamba nimelea mtoto mwenye staha hata mahali pasipo mwanamume.

Anayeweza kuukimbia mji wetu wa Ceyhan mwezi wa Julai huukimbia. Hupakia magodoro na masufuria, akapanda milimani kwenye misonobari, akarudi zabibu zikiiva. Tunaobaki ni wajane, maskini na wenye maduka. Tunafunga madirisha mapema, tunamwaga maji uani, tunatembea kando ya kuta tukiwinda kivuli. Na tuna kolonya, yale maji ya manukato yenye spiriti. Yangu hukaa juu ya kabati karibu na mlango, katika chupa nene ya kioo aliyoinunua marehemu mume wangu Rüstem mwaka tuliooana. Kila ikiisha naipeleka kwa muuza manukato, naye ananijazia ya limau kutoka kwenye pipa lake la kioo. Tone moja kila kifundo cha mkono, mawili kisogoni, kidogo nyuma ya masikio, kisha unakaa penye upepo unangoja. Kwa muda wa kusoma Fatiha tatu hivi, unakuwa binadamu tena.

Döndü hupenda kunitania kwamba mimi, mtu wa swala tano, najipaka spiriti. Imamu wetu wa zamani alishatuambia iliyokatazwa ni ya kunywa. Nami sijapata kuiona kiu ya kunywa kolonya.

Lakini chupa ile si ya joto tu. Mgeni akivuka kizingiti, kabla hajaulizwa amekuja kwa heri au kwa shari, hukusanya viganja na mwenye nyumba humiminia. Nilipokuwa bibi harusi wa siku tatu, mama mkwe alinikabidhi chupa hiyo nimzungukie kila aliyekaa sebuleni. Walikuwa watu kumi na watano. Nilimruka mtoto mmoja wa kike aliyekuwa kwenye kona, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vidogo mno, sikuviona. Mama mkwe alinifinya ubavuni mpaka machozi yakanitoka. Akaninong'oneza: "Chupa ikishafunguliwa hairuki mkono. Ukimruka mtu umemfukuza." Tangu siku ile, kwa miaka thelathini na nane, katika Idi na matanga, katika posa na kuwaaga vijana wanaokwenda jeshini, mkono wangu wa kulia haujamruka mtu. Rüstem aliwahi kumwona ndugu yake, waliyekosana naye miaka mitatu, ameketi katika mstari wa wageni. Alimmiminia kama wengine. Ugomvi, alisema baadaye, ungojee nje pamoja na viatu.

Siku ya tatu ya Sevgül kwangu, umeme ulikatika adhuhuri. Feni ilizunguka mara mbili tatu kwa uzembe, ikasimama. Mwanangu alikuwa amelala juu ya mkeka sebuleni, na jasho limeiloanisha sweta mgongoni. Nikachukua chupa, nikapiga magoti kando yake.

"Lete kisogo."

Akainamisha kichwa. Nikamimina, akashusha pumzi. Kisha nikaukamata mkono wake, nikaisukuma juu ile sweta kwa vidole viwili na kumimina bila kutazama, jinsi nilivyokuwa nikifanya alipokuwa na miaka mitano.

Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Acha, mama! Inachoma."

"Inachoma nini? Kolonya haijawahi kumchoma mtu mzima."

Ndipo nilipotazama. Mkono ulikuwa na rangi zote za bilinganya linaloiva. Penye mfupa ngozi ilikuwa imechanika mahali pengi, michaniko midogo yenye umbo moja, mviringo na ncha pembeni, kama muhuri uliogongwa na karani mwenye haraka.

"Umeanguka?" nikauliza. Na nilipouliza nilijua nauliza kipumbavu.

"Ndiyo, mama. Nimeanguka. Mara nne."

Akaishusha sweta. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata kulia kwenyewe kulinitahayarisha, kwa sababu Idi iliyopita mtoto huyu alikuja, akakaa jikoni kwenye kile kigoda karibu na jiko, akaniambia, "Mama, nimechoka na nyumba ile." Nami nilikuwa nikikunja majani ya mzabibu, wali mpaka viwikoni. Nilimwambia mkate wa kwanza huungua kwa kila mwanamke, avumilie tanuri lizoeleke. Hata sikuinua macho. Watu wa mtaa huu husema Müzeyyen huona hata kilichomo mfukoni mwa mtu. Ninajua nani amegombana na nani kwa namna wanavyoanika nguo. Lakini aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu akiniomba, yeye sikumwona.

"Hutarudi tena kule," nikamwambia. "Wallahi, yule hatavuka kizingiti hiki, wala hatapata tone la kolonya mkononi mwangu."

"Usiape, mama."

"Nimekwisha kuapa."

Akaivua sweta, akaitupa kwenye kiti. Kuanzia siku ile alikaa uani mikono wazi. Döndü alichungulia kutoka ukutani na maneno yake ya mzaha tayari mdomoni, akaona, akayameza. Baada ya robo saa aliniletea bakuli la mtindi wa maji ya barafu na nanaa. Aliliweka juu ya ukuta, akaondoka.

Ijumaa walikuja.

Watu walikuwa wametoka msikitini, na jua lilikuwa utosini. Niliposikia mlango ukigongwa nilimtazama Sevgül. Alikwisha kusimama. Aliichukua sweta, akaivaa, akaingia jikoni.

"Nitamjibu mlangoni," nikamwambia. "Wewe kaa."

Maneno nilikuwa nimeyapanga. Nilikuwa nimeyasema peke yangu nikifua, nikipika, na Mungu anisamehe, hata katikati ya swala. Lakini nilipofungua, wa kwanza mbele yangu hakuwa mkwe wangu Tahsin. Alikuwa Hacı Hamdi, amu yake, mzee wa miaka themanini aliyekwisha kuhiji. Ndiye aliyekuja kumposa Sevgül. Ndiye pia aliyemwosha Rüstem siku ya kifo chake, akanitokea na mikono iliyolowa kuniambia uso wa mume wangu ulikuwa na nuru. Sasa uso wake mwenyewe ulikuwa wa zambarau, na midomo ilikuwa imekauka.

"Maji, mkwe wangu," akasema. "Tumetoka msikitini kwa miguu. Gari tuliliacha pale lilipo, halikaliki kwa joto."

Magoti yakamlegea. Tahsin alikuwa nyuma yake amemshika kiwiko. Ungefanya nini? Ungemwambia kijana aachie kiwiko, mzee aanguke? Nilisogea kando. Mzee akavuka kizingiti, na kiwiko chake kikamvusha na yule aliyekishika. Hivyo ndivyo nusu ya kiapo changu ilivyokwenda, na hata sikupata muda wa kuihesabu.

Walikaa kwenye kochi, bega kwa bega. Nikaita, "Sevgül, maji ya mzee!" Kisha nikachukua chupa, maana mzee alikuwa akihema kwa mdomo wazi. Akakusanya viganja. Nikammiminia nyingi. Akajipaka usoni, kisogoni, akavuta harufu kwa nguvu. Ule uzambarau ukaanza kumtoka kama wingu linalohama. "Allah," akasema. "Allah." Nilifurahi. Kwa pumzi moja nilifurahi tu kwamba mzee hafi sebuleni kwangu.

Na katika pumzi hiyo mkono wangu uliendelea na kazi yake.

Viganja vilivyofuata vilikuwa vimekwisha kukusanywa, vimekaa sawa, vinangoja. Mkono ukainama. Niliiona pete ya fedha, pana, jiwe lake jeusi la mviringo na ncha yake pembeni. Niliitambua. Matone yalianguka juu ya jiwe lile, moja, mawili, matatu, nami nilikuwa nikiyatazama kama mtu anayetazama mtoto wa watu akitumbukia kisimani kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mungu akulipe, mama," Tahsin akasema. Ana sauti ya upole. Huuza vipuri vya trekta, na wakulima wote humsifu kwa sauti hiyo.

Hacı Hamdi akafumbua macho. Alikuwa ameona. "Alhamdulillahi," akasema, na machozi kidogo yakamlengalenga. "Nilimwambia njiani: yule mama ni mcha Mungu, akikumiminia, jambo limekwisha. Mambo ya mume na mke, mkwe wangu, nani hajayapitia? Kijana amejuta."

"Kolonya ni ya joto tu, Hacı," nikasema.

"Basi na joto limepoa," akajibu kwa wema, akacheka taratibu.

"Sikukusudia. Mkono tu..."

"Mkono wa mtu mwema humtangulia mwenyewe."

Nikafungua kinywa tena. Yale maneno ya jikoni na ya karoni, yote nilikuwa nayo, yamesongamana kooni kama watu mlangoni pa msikiti siku ya Idi. Hakuna aliyempisha mwenzake, hakuna aliyetoka. Ningemwambiaje mzee aliyemwosha mume wangu kwamba nimemmiminia mpwa wake kwa makosa? Kolonya si chai useme rudisha. Ilikuwa imekwisha kukauka viganjani mwa Tahsin, na sebule nzima ilinukia limau.

Nilipogeuka, Sevgül alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bilauri ya maji. Sijui amesimama tangu lini. Uso wake haukuwa na hasira. Ningeona hasira ningeshukuru. Ulikuwa kama wa mtu anayefungua barua ambayo yaliyomo alikwisha kuambiwa.

Akaja, akampa mzee maji, akangoja anywe mpaka chini, akaipokea bilauri na kuiweka mezani. Kisha akaivua sweta. Alitoa mkono mmoja, akatoa wa pili, akaikunja vizuri kama tunavyokunja nguo za safari, akaiweka juu ya kochi kati ya amu na mpwa.

Hacı Hamdi aliitazama ile mikono. Nikaona macho yake yakihama, yakashuka kwenye pete, yakashuka kwenye zulia, yakabaki huko. Tahsin akajinyanyua nusu.

"Sevgül, vaa, twende. Usimchoshe mzee."

Hakumgeukia. Alikuja mbele yangu, akakusanya viganja, akavinyoosha kwangu.

"Na mimi, mama," akasema. "Chupa hairuki mkono."

Nilimmiminia. Mungu ndiye anayejua kwa nini. Labda kwa sababu kumruka kungekuwa kumfukuza, na labda kwa sababu mkono ule haukuwa na kingine ulichojifunza. Nilimimina mpaka viganja vikafurika. Alijipaka kuanzia vifundoni kwenda juu, polepole, juu ya michaniko ambayo haijafunga, mpaka viwikoni, mpaka mabegani. Mimi nilikaza meno. Yeye hata kope haikumcheza.

"Sevgül," nikasema. "Mwanangu."

Mkoba wake ulikuwa umening'inia kwenye msumari kando ya kabati. Aliuchukua. Sweta aliiacha pale pale, imekunjwa, kati ya wanaume wawili. Mlangoni aliinama, akatenga viatu vyake na vya wageni, akavivaa bila haraka, mikono yake wazi iking'aa kwa maji ya limau. Nje jua lilikuwa jeupe, huoni lango liko wapi wala barabara inaelekea wapi. Nilisimama na chupa mkononi, kifuniko katika mkono wa pili. Aliufungua mlango mwenyewe, akatoka peke yake, bila kumngoja Tahsin wala mimi.