Kompyuta Yenye Homa

Saa kumi kamili chuo cha uuguzi kingemsaili binti kwa video. Sasa ilikuwa saa nane, na kompyuta ya nyumbani imekwama tena. Mama hakulia. Alikunja mikono ya blauzi.

Barua ya chuo ilisema wazi: kompyuta, si simu. Jana walipojaribu, uso wa binti uliganda mdomo wazi kama aliyemeza nzi. Kununua mpya? Kwa hela ipi! Hii ya miaka kumi na moja ingefanya kazi, ipende isipende.

Asubuhi alikuwa amefuta michezo ya mumewe na filamu za binti bila kumuuliza mtu. "Nyie ndio mnaoichosha!" Akazima na programu zinazojiwasha zenyewe, kumi na saba. Kompyuta ikaamka upesi, ikakimbia dakika kumi, kisha ikaanza kujikokota na kuvuma kama mashine ya kusaga.

Ndipo akamwita shemeji yake, fundi, aliyekuja na bisibisi, brashi ya rangi na kipande cha memori cha kuongeza kasi, alichokitoa kwenye mashine mbovu.

"Shemeji, umenikatizia usingizi."

"Ukalale kwa mkeo. Fungua."

Mama alikivua kitambaa cha kufuma kilicholifunika kasha la kompyuta, akakikunja vizuri. Shemeji akachomeka memori, kisha akachungulia kwenye feni. Akavuta kwa vidole bonge la vumbi lililosokotana na nyuzi za njano.

"Mmefuga kifaranga humu?"

Mama aliijua njano ile. Wiki tatu alikifuma kitambaa hicho ili vumbi lisiingie, na aliyethubutu kukivua, hata mashine ikiwa inafanya kazi, alikiona cha moto.

"Matundu ya hewa yameziba," shemeji alisema. "Ikipata joto sana inapunguza mwendo yenyewe, isiungue. Nani kaifunika hi..."

"Mimi. Piga brashi."

Binti alicheka hadi akakaa sakafuni. "Na baba umemfutia michezo yake!"

"Nitamwomba radhi. Kachane nywele."

Saa kumi kompyuta ilikuwa inanong'ona tu. Mama akatoka, akabandika sikio mlangoni, shemeji nyuma yake.

Swali la tatu: ni tatizo gani umelitatua karibuni?

"Leo hii," binti akajibu. "Tulikuwa na mgonjwa wa homa. Mama yake anampenda, kwa hiyo akamfunika blanketi la njano, halafu akamgombeza kila mtu kwa nini haponi."

Mama akafumba macho. Huyu atanitambua leo.

Wasaili wakaangua kicheko, wote watatu, bila kukatika, bila kuganda.

"Na huyo mgonjwa yuko wapi sasa?"

"Ndiye anayewaonyesha sura yangu."

"Barua itakuja," ilisema sauti ya msaili mmoja, mwanamke mtu mzima, ikiwa bado na kicheko, "lakini wewe anza kufunga mizigo."

Mama alipiga kigelegele pale pale mlangoni, kikasikika hadi chuoni. Alipogeuka amkumbatie shemeji, alimkuta amekivaa kile kitambaa kichwani.

"Kivue," akamwambia, "utapunguza mwendo."